Hakimu aliyeshindwa kusema: Nimekosea

Binti yangu anasoma fasihi ya Kiingereza chuoni. Likizo iliyopita alirudi nyumbani na kitabu chembamba cha tamthilia, akiwa ametakiwa na mwalimu wake aandike insha juu ya madaraka na namna yanavyotumiwa vibaya. Usiku mmoja, baada ya Isha, aliniuliza swali ambalo sikuweza kumjibu pale pale. "Baba," alisema, "huyu hakimu si mla rushwa, si mlevi, anamcha Mungu wake, na anaamini kabisa kuwa anatenda haki. Sasa imekuwaje yeye ndiye anayeua watu wengi kuliko jambazi yeyote?"

Nilimwambia aniachie kitabu. Nilikisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za Wamarekani. Mara ya pili nilijisoma mwenyewe, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Tamthilia yenyewe inaitwa The Crucible, yaani kalibu, kile chombo cha kuyeyushia madini ili takataka zijitenge na kilicho safi. Mwandishi wake ni Arthur Miller, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2005. Ilichezwa kwa mara ya kwanza jijini New York tarehe 22 Januari, 1953. Imejengwa juu ya tukio la kweli, nalo ni kesi za uchawi za Salem, katika koloni la Waingereza la Massachusetts, mwaka 1692. Kwa muda wa miezi michache watu zaidi ya 150 walikamatwa. Walionyongwa ni 19, wanawake 14 na wanaume watano. Mzee mmoja, Giles Corey, aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 80, aligoma kujibu mashitaka, basi akalazwa chini na kurundikiwa mawe mazito juu yake mpaka akakata roho. Wengine walifia gerezani. Mtoto wa kike wa miaka minne au mitano, Dorothy Good, naye alitiwa minyororo kwa tuhuma kwamba ni mchawi.

Kabla sijaendelea, niweke jambo moja wazi ili tusipoteane. Sijadili hapa kama uchawi upo au haupo. Muislamu anajua kuwa sihri imetajwa katika Qur'an. Suala langu ni jingine kabisa: nani anasema kwamba fulani ni mchawi, kwa ushahidi gani, na mtuhumiwa ana mlango gani wa kutokea? Sisi tunaoishi katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, hatuwezi kuisoma Salem kama hadithi ya watu wa mbali.

Sasa turudi kwenye tamthilia. Kisa kinaanza na jambo dogo. Wasichana wa kijiji wamekutwa usiku msituni wakicheza ngoma pamoja na Tituba, mtumwa wa Mchungaji Parris. Katika jamii ile ya Wapuritani, ambao walikuwa Wakristo wa msimamo mkali, kucheza ngoma lilikuwa kosa la kuchapwa. Mmoja wa wasichana, binti wa mchungaji mwenyewe, anaugua kwa hofu, na kijiji kinaanza kunong'ona kwamba amelogwa. Wanamleta mtaalamu kutoka mji wa jirani, Mchungaji Hale, naye anakuja na vitabu vyake vizito vya elimu ya mashetani. Tituba anabanwa na kutishiwa kipigo na kitanzi. Anapoona kuwa kukana hakumsaidii, anakiri. Na mara tu anapokiri, sauti za wakubwa zinalainika. Anaitwa mwema, anabembelezwa, anaulizwa: nani mwingine ulimwona?

Abigail, mpwa wa mchungaji na kiongozi wa wale wasichana, anayatazama yote haya. Anajifunza kwa dakika chache somo ambalo wanasiasa wengine huchukua miaka kujifunza. Anaona kuwa anayetuhumiwa yuko hatarini, lakini anayetuhumu yuko salama. Basi anasimama na yeye, anaanza kutaja majina, na wenzake wanamfuata.

Ndugu msomaji, huo ndio mwanzo wa madaraka katika Salem ya Miller. Jana yake wasichana hao walikuwa watumishi wa ndani na mayatima, watu wa kutumwa kuteka maji. Leo wanaingia mahakamani na umati unawapisha njia. Wasomaji wengi hushia hapo, wakasema tatizo la Salem lilikuwa ni uongo wa Abigail. La hasha. Waongo hawajawahi kukosekana katika mji wowote. Msichana muongo asiye na mahakama ni msichana muongo tu, atachapwa na mama yake yaishe. Swali la kujiuliza ni hili: nani aliyeuchukua uongo wake akaupa kalamu, muhuri na kamba?

Hapo ndipo anapoingia Danforth, hakimu aliyemsumbua binti yangu. Katika historia aliyeiongoza mahakama ile alikuwa William Stoughton, lakini Miller aliwakusanya mahakimu kadhaa akawatia katika sura ya mtu mmoja. Danforth ni msomi, mtulivu, na mtu wa dini. Hapokei kitu kwa mtu. Katika jambo hili Miller ametufanyia wema, kwa sababu angemchora hakimu mwovu tungesema dawa ni kumtoa mwovu na kumweka mwema. Amemchora mwema, au tuseme mtu anayejiona mwema, kisha akatuonesha hatua kwa hatua anavyokwenda.

Hatua ya kwanza ni ushahidi. Danforth anatoa hoja ambayo ukiisikia kwa haraka utaiona ya busara. Anasema uchawi ni kosa lisiloonekana. Hakuna anayeushuhudia isipokuwa mchawi mwenyewe na aliyelogwa. Mchawi hawezi kujishitaki, kwa hiyo amebaki aliyelogwa, na lazima tumsadiki. Ukikubali hoja hiyo, umekwisha. Kwani neno la mtuhumu limegeuka kuwa tuhuma na ushahidi kwa wakati mmoja. Katika Salem ya kweli mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mahakama ilipokea ushahidi wa vivuli, yaani msichana alisema ameiona sura ya fulani ikimjia usiku kumkaba, na huyo fulani hata kama alikuwa amelala kitandani kwake mbele ya mashahidi kumi, haikumsaidia kitu. Utajitetea vipi dhidi ya ndoto ya mtu mwingine?

Hatua ya pili ni kukiri. Katika Salem aliyekiri kuwa mchawi alihifadhiwa, na aliyekana ndiye aliyenyongwa. Tazama mzani huo ulivyogeuzwa. Mcha Mungu anayeogopa kusema uongo anakufa, na anayekubali kusema uongo anaishi. Samuel Wardwell alikiri akawa salama, kisha dhamiri ikamsuta akayafuta maneno yake, wakamnyonga. Mahakama ya namna hiyo haiwezi kukosa ushahidi kamwe, kwa sababu inautengeneza yenyewe. Kila aliyekiri kwa hofu alihesabiwa kuwa ni uthibitisho kwamba wachawi ni wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Hatua ya tatu ni kuufunga mlango wa malalamiko. Katika tamthilia mkulima Francis Nurse, mume wa Rebecca, bibi kizee anayeheshimiwa na kijiji kizima, anakuja mahakamani na karatasi. Watu 91, wenye mashamba na washirika wa kanisa, wameweka saini kwamba wanawafahamu wanawake watatu waliokamatwa na hawajawahi kuwaona na baya. Hakimu anafanya nini? Anaamuru waliosaini wote waletwe kuhojiwa. Mzee wa watu anashikwa na butwaa, maana aliwaahidi majirani zake kwamba hakuna litakalowapata. Kuanzia hapo kumtetea mtuhumiwa kumekuwa kuishambulia mahakama. Danforth anaamini kwamba katika vita ya namna ile hakuna mtu wa katikati: aliye safi atakuwa na sisi, na asiyekuwa na sisi ana lake jambo.

Msomaji makini atakuwa ameshatambua kwamba mwaka 1953 Miller hakuwa akiandika habari za mwaka 1692 peke yake. Tangu mwaka 1950 Seneta Joseph McCarthy alikuwa akitangaza kwamba serikali ya Marekani imejaa Wakomunisti. Kabla yake, na sambamba naye, kamati ya Bunge la Wawakilishi iliyochunguza shughuli zilizoitwa za kuihujumu Marekani ilikuwa ikiwaita waigizaji, waandishi na walimu, na kuwataka watubu na kuwataja wenzao. Aliyetaja alirudi kazini. Aliyekataa alipoteza riziki yake, na wengine walifungwa. Mwongozaji mashuhuri Elia Kazan, rafiki wa Miller, alitaja majina mwaka 1952. Miller mwenyewe aliitwa mbele ya kamati hiyo mwezi Juni 1956. Juu yake mwenyewe alijibu, lakini alipotakiwa kuwataja wengine alikataa. Mwaka 1957 alitiwa hatiani kwa kulidharau Bunge, na mwaka 1958 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Kwa hiyo maneno aliyomwekea John Proctor mdomoni, alikuja kutakiwa ayaishi yeye.

Pengine msomaji atasema: hao ni Wapuritani na Wamarekani, sisi dini yetu imetukataza hayo. Ni kweli imetukataza. Surat Hujurat inatuagiza tuchunguze habari inapoletwa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Surat Nur inamwadhibu anayemsingizia mwanamke mwenye kujihifadhi pasipo mashahidi wanne. Mafakihi wakajenga kanuni kwamba adhabu za hadd huzuiliwa panapokuwa na shaka. Na Maiz alipomjia Mtume (s.a.w.) kukiri zinaa, hakupokewa kwa furaha. Mtume aligeuza uso mara baada ya mara, akauliza kama mtu huyu ana wazimu. Linganisha na Danforth anayekimbizana na maungamo kama mfanyabiashara na faida.

Lakini kukatazwa ni jambo moja na kutii ni jingine. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun, mtawala aliyependa elimu na falsafa, aliagiza mahakimu na wanazuoni waitwe mmoja mmoja waulizwe kama Qur'an imeumbwa. Aliyejibu alivyotaka Khalifa aliachwa na kazi yake. Imamu Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na katika utawala wa al-Mu'tasim akachapwa viboko. Kipindi hicho historia yetu inakiita Mihna, yaani mtihani. Basi tusiseme kwamba jambo hili ni la watu fulani. Mahali popote penye mtu anayeweza kumwambia mwenzake "kiri au uangamie", na asiwepo wa kumuuliza ameyatoa wapi, pana Salem.

Niseme sasa juu ya hatua ya nne, ambayo kwangu ndiyo kiini cha tamthilia na ndiyo jibu nililokuwa nikimtafutia binti yangu.

Katika sehemu ya mwisho mambo yamegeuka. Abigail ametoroka usiku na akiba ya mjomba wake. Mchungaji Parris anatetemeka, amewekewa kisu mlangoni. Inasemekana mji wa jirani umeikataa mahakama. Mchungaji Hale, yule aliyekuja na vitabu vizito, amekwisha kutambua kosa lake, na sasa anapita gerezani akiwasihi wafungwa waseme uongo ili waishi. Kila dalili inamwambia hakimu kwamba amekosea. Anaombwa jambo dogo tu, aahirishe kunyonga kwa siku chache. Anakataa. Na sababu anayoitoa haihusu hata kidogo ushahidi dhidi ya wale waliobaki. Sababu yake ni kwamba tayari amekwisha kuwanyonga kumi na wawili kwa kosa hilo hilo. Akiwaachia hawa leo, watu watasema nini juu ya wale wa jana?

Soma tena hapo, ndugu msomaji. Damu iliyokwisha kumwagika imekuwa hoja ya kumwaga nyingine. Rebecca Nurse hafi kwa sababu ni mchawi. Anafa kwa sababu Danforth hawezi kusema neno moja: nimekosea. Mla rushwa anaweza kutosheka akishapata fedha zake. Mlevi husinzia. Lakini mtu aliyeifanya heshima yake kuwa kitu kimoja na haki, hasinzii wala hatosheki, kwa sababu kila kosa jipya analifanya ili kulifunika la zamani, na yeye mwenyewe analiita uthabiti.

Ndiyo maana vile vile anaihitaji saini ya John Proctor. Proctor ni mkulima mwenye dhambi zake. Kwa ajili ya kuishi, anakubali kutamka kwamba alionana na shetani. Hakimu hatosheki na matamshi, anataka karatasi ya kubandikwa kwenye mlango wa kanisa. Kwa nini? Kama una uhakika mtu ni mchawi, saini yake ni ya nini? Mwenye nguvu za kunyonga anamwomba mnyonge amsaidie kuamini. Proctor anasaini, kisha anaichana ile karatasi, kwa sababu jina lake analo moja tu na ana watoto wa kuwalea nalo. Anakwenda kwenye kitanzi. Proctor wa historia alinyongwa tarehe 19 Agosti, 1692. Katika tamthilia Miller ameubadilisha umri wake na wa Abigail na kubuni uhusiano kati yao, lakini kitanzi hakukibuni.

Sasa nije kwenye lile nililosema mwanzoni, kwamba mara ya pili nilijisoma mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu saba katika kamati ya msikiti fulani. Nisiutaje, wala haina haja. Tulikuwa na mchango wa ujenzi, na mweka hazina alikuwa mzee mmoja mstaafu, mtu wa safu ya kwanza kila Alfajiri. Siku moja hesabu hazikukutana. Kiasi kilichopungua kilikuwa kikubwa kwa hali zetu. Mmoja wetu akasema alimwona mzee akipakua mabati nyumbani kwake. Mwingine akasema amesikia. Hakuna aliyeuliza mabati yale yalinunuliwa lini na kwa fedha zipi. Tulimwita. Tulimwambia, kwa sauti za upole kabisa, kwamba akikiri tutamsitiri, arudishe kidogo kidogo na mambo yatakwisha. Alisema hana cha kukiri. Nakumbuka nilivyofikiri wakati ule: mzee huyu ana kiburi. Ijumaa iliyofuata likatolewa tangazo baada ya swala kwamba mweka hazina amesimamishwa "kutokana na upotevu wa fedha za waumini". Alikuwa amekaa pale pale. Alinyanyuka, akatafuta viatu vyake, akatoka. Hakurudi tena kuswali kwetu.

Baada ya miezi minne au mitano, tukiwa tunafunga hesabu, ikaonekana stakabadhi. Fedha zilikuwa zimelipwa kwa muuza saruji, na aliyezilipa alikuwa mjumbe mwenzetu ambaye alisahau kuandikisha. Haikupotea hata shilingi. Tulikaa kimya kwa muda. Kisha mmoja wetu, mtu mwema na ninasema hivyo bila kejeli, akasema: "Jamani, tukitangaza hili leo, waumini hawatatuamini tena. Michango itakufa na msikiti utabaki boma. Tumwachie Allah, Yeye ndiye ajuaye." Nilitikisa kichwa kukubali. Tukafunga kikao kwa dua.

Niliposoma maneno ya Danforth ya kukataa kuahirisha, niliisikia sauti ya kikao chetu. Hatukumnyonga mtu, Alhamdulillahi. Lakini hoja ilikuwa ile ile: heshima ya chombo ni kubwa kuliko haki ya mtu mmoja, na kosa likishatangazwa ni bora libaki kuwa kweli. Hatukuwa na mla rushwa hata mmoja kati yetu. Tulikuwa watu saba waaminifu.

Nilikwenda kwa mzee yule mwezi uliopita. Amedhoofu, macho hayaoni vizuri. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti, akaniagizia chai. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo kirefu, mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniuliza: "Umekuja na nani, mwanangu?" Nikamwambia nimekuja peke yangu. Akasema: "Mimi nimekusamehe wewe. Lakini mlinitangaza mbele za watu. Wajukuu zangu wameambiwa shuleni kwamba babu yao aliiba msikitini. Sasa hii radhi uliyoniletea chumbani, wao wataisikia wapi?"

Sikuwa na jibu. Njiani nilimkumbuka Samuel Sewall. Alikuwa mmoja wa mahakimu wa Salem, wa kweli, wa historia. Mahakama ile ilivunjwa na Gavana William Phips mwezi Oktoba 1692, baada ya tuhuma kuanza kuwafikia wakubwa, hata mke wa gavana mwenyewe. Hapo Sewall angeweza kukaa kimya kama wenzake. Januari 1697, siku ya mfungo wa umma, alisimama katikati ya waumini kanisani Boston wakati mchungaji akisoma waraka wake wa kubeba lawama na aibu ya yaliyotendeka. Alisimama, watu wote wakamtazama. Wajumbe 12 wa baraza la kesi zile nao waliandika kuomba msamaha. Mwaka 1706 Ann Putnam, aliyekuwa miongoni mwa wasichana waliotuhumu, naye alisimama mbele ya kanisa la kijiji chake, maungamo yake yakasomwa. Ama Stoughton, mkuu wa mahakama, hakusema neno. Aliendelea na vyeo vyake mpaka alipokufa mwaka 1701.

Waliokufa hawakurudi. Mwaka 1711 koloni lilizisafisha rekodi za baadhi yao na kuzilipa familia fidia ya zaidi ya pauni 570 kwa jumla. Wengine walisubiri sana. Jina la mwisho, la mwanamke aitwaye Elizabeth Johnson, lilisafishwa kwa sheria mwaka 2022, miaka 330 baadaye. Hiyo ndiyo bei ya neno moja lisiposemwa kwa wakati wake.

Basi binti yangu nimemjibu hivi. Madaraka hayapimwi kwa usafi wa nia ya mwenye kuyashika, kwa sababu nia ya Danforth huenda ilikuwa safi. Yapimwe kwa maswali manne. Je, anayetuhumu anatakiwa kuthibitisha? Je, anayekana anasikilizwa kama anayekiri? Je, anayemtetea mtuhumiwa anarudi nyumbani salama? Na mwenye madaraka akigundua amekosea, je, anaweza kulisema hilo kwa sauti ile ile aliyotumia kuhukumu? Maswali haya yanamhusu rais na hakimu, na yanamhusu pia mwalimu mkuu, baba ndani ya nyumba, na kamati ya watu saba.

Katika saba sisi, wawili wametangulia mbele ya haki. Tumebaki watano. Nimeomba ruhusa kwa uongozi wa sasa ili siku moja ya Ijumaa, baada ya swala, nisimame na kueleza kilichotokea, kwa kipaza sauti kile kile. Wenzangu wawili wamekubali kusimama pamoja nami. Mmoja bado anafikiri. Mmoja amenijibu kwamba ya kale hayanuki.

Mzee yule nimemwomba avumilie kidogo. Kanijibu kuwa kuvumilia amekwishazoea, ila niwahi, kwa sababu angependa kuja kusikia mwenyewe.